Walioonwa na Walionaswa

Wiki iliyopita mpwa wangu alinionyesha kitabu cha viumbe kilichomo kwenye gemu ya simu yake, na jasho likanitoka mgongoni kana kwamba nimeitwa tena ofisini kwa afande. Mtoto hakuelewa. Yeye alitaka tu shangazi ashangae. Ukimgusa kiumbe kwa kidole anageuka, anafungua mdomo, analia. Sauti ya mwanamke inakusomea mambo yake yote, anapolala, anachokula, dume lilivyo, jike lilivyo.

"Umeshamnasa huyo?" nikamuuliza.

"Bado, shangazi. Nimempita tu njiani."

"Na wamekupa habari zake zote?"

"Zote."

Nikamrudishia simu. Nikamwambia kitu cha bure hakikosi walakini, nikaenda jikoni kuhesabu viazi ambavyo nilikuwa nimeshavihesabu.

Ninyi wa rika langu mlioishika gemu ile ya mwanzo kabisa, ya kijivu, yenye kioo cha rangi ya maji ya mchicha, mnajua kitabu hicho kilianzia wapi. Kilikuwa bahili. Unafungua, unakuta orodha ya namba na mbele ya kila namba vistari vitupu. Ukimwona kiumbe unapewa jina na picha isiyosogea, basi. Kimo chake, uzito wake na mistari mitatu ya maneno hupewi mpaka umrushie wavu umnase. Pembeni kulikuwa na hesabu mbili, moja juu ya nyingine: walioonwa kadhaa, walionaswa kadhaa. Mimi ni mtoto wa muuza mitumba. Nilifundishwa kuhesabu kila kitu mara mbili, mara ya kwanza kwa ajili yangu na mara ya pili kwa ajili ya mwizi. Kitabu kinachojihesabu chenyewe mara mbili nilikipenda kuliko gemu yenyewe. Nilikielewa vibaya, na kuelewa kwangu vibaya nusura kumweke baba yangu ndani.

Tulikaa Karatu, chumba na sebule, nyuma ya stendi. Wazazi wangu walitoka Kilimanjaro wakafuata watalii, kama wengine wanavyofuata mvua. Mama alitandika mitumba sokoni, na siku za mnada alihamia huko na marobota yake. Baba alianza kwa kuendesha lori la vitunguu kutoka Mang'ola, mpaka siku moja dereva wa kampuni ndogo ya utalii, kampuni ya magari mawili, akaugua malaria, na mwenye kampuni akamwita baba ashike usukani. Mwenye kampuni huyo kila mtu alimwita Bosi, hata mkewe. Wageni wa siku ile walikuwa familia moja ya wazungu waliokuwa wanaishi Arusha kwa kazi. Walimpenda baba. Wakasema wakija tena wanamtaka yeye.

Ndipo Bosi alipokuja kwetu. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, mahali ambapo habari zote za nyumba yetu zilipitia.

"Nakujaribu msimu mmoja," alimwambia baba. "Wageni warudi salama, pasiwe na lalamiko, pasiwe na tatizo getini kwa hifadhi. Ukimaliza hivyo, gari ni lako moja kwa moja, na nakuandikisha kuwa mwongozaji. Tatizo moja, unarudi kwenye vitunguu."

Mama akauliza, "Moja dogo au moja kubwa?"

"Moja," Bosi akasema.

Baba alikuwa anaitaka kazi ile mpaka anaiota. Si kwa ajili ya mshahara; alitaka kuwasimulia watu habari za wanyama. Alikuwa na daftari la ndege, alikuwa na kitabu kinene cha wanyama alichoachiwa na mgeni, na alikuwa na sauti ya kazi, tofauti na sauti ya nyumbani, ambayo aliifanyia mazoezi akinyoa ndevu: taratibu, kila neno limepigwa pasi. Mimi aliniita Mama, kwa sababu nimebeba jina la mama yake, na alinisalimia kwa adabu ambayo sikustahili.

Gemu niliipata kwa mtoto wa wale wazungu, mvulana wa umri wangu, Jonas. Walikuwa wamepiga mahema kwenye kempingi ya hapo mjini, nami nilimpelekea baba sweta lake. Jonas alikuwa na Kiswahili cha Arusha, kilichotoboka toboka lakini kinashika maji. Akaniambia bibi yake anamtumia gemu mpya yenye rangi, kwa hiyo hii ya zamani anaweza kuiacha, kama nina kitu. Nilikuwa na kigari cha waya chenye usukani wa mti mrefu, na manati mbili. Tulikaa chini. Alitaka vyote vitatu. Nikampa kigari na manati moja, nikadai betri nne juu yake, maana gemu bila betri ni tofali. Akakubali haraka mno, nikajua nilikuwa na nafasi ya kudai nane.

Betri zile nne tuliishi nazo mimi na Paskalina. Paskalina alikuwa jirani yangu wa dawati, Mwiraqw wa kijijini Rhotia aliyekuwa anakaa mjini kwa shangazi yake ili asome. Betri zikichoka tulizianika juu ya bati saa sita mchana, tukazipindua kama mihogo, zikapata uhai wa dakika ishirini nyingine. Mpaka leo nikisikia harufu ile ya chumvi na kutu ya betri iliyovuja, vidole vyangu vinatafuta vitufe.

Safari ya Jonas ilikuwa bado imo ndani ya ile gemu. Ukianza yako unafuta yake, na mimi sifuti mali iliyokwisha kufanyiwa kazi. Nikairithi pamoja na kitabu chake: walioonwa tisini na saba, walionaswa sitini na mmoja. Nilirudi nikawahesabu mmoja mmoja kwa kijiti kwenye mavumbi. Kitabu hakikudanganya. Thelathini na sita walikuwa wameonekana wakaondoka na habari zao.

Hapo ndipo kichwa changu kilipokata kona. Kwa kuwa kitabu cha gemu kilifanana mno na kitabu cha baba, na kwa kuwa wageni wa baba nao walitembea na karatasi zenye orodha ya wanyama wakiweka alama ya vema, niliamua kwamba hivyo ndivyo dunia inavyofanya kazi. Kila mnyama ana namba aliyopewa mahali fulani. Ukimwona, unapata jina. Ukitaka habari zake, lazima umnase. Na mtu anayepewa habari bila kunasa anaiba, au anadanganywa.

Tukanunua daftari la mistari. Tukaandika juu ya jalada, kwa mwandiko wa Paskalina uliokuwa mzuri kuliko wangu: KITABU CHA VIUMBE WA KARATU. Namba moja tukampa punda, kwa sababu alikuwa anapita.

"Nyati je?" Paskalina akauliza. "Tutamnasa na wavu gani, wa goli?"

Tulilala na swali hilo. Kesho yake nikaja na sheria: ukipata kiungo chake kimoja, ni sawa na yeye mzima. Paskalina alifikiri, akasema kwao mtu akitaka kuthibitisha mbuzi wake ameliwa na fisi huleta sikio, kwa hiyo sheria inakubalika. Basi tukaanza. Manyoya ya kanga tukayagandisha kwa ugali. Gamba la nyoka lililovuliwa. Kinyesi cha tembo kilichokauka, ambacho kilinuka kama majani ya chai na kikatufungia kurasa tatu. Nyumbani kwa akina Paskalina nungunungu walikuwa wanamaliza maboga, wakikimbizwa wanaacha miiba chini. Tukaokota tisa, nikaipanga dirishani kwetu kwa kimo. Na korongoni chini ya Rhotia, kichakani, tukakuta fuvu dogo la digidigi limeliwa na siafu likawa jeupe, na pembe zake mbili bado zimesimama, kila moja urefu wa kidole changu cha kati. Zilichomoka kwa kuzungushwa.

Jambo ninalolikumbuka kwa aibu ni hili. Jioni baba alirudi na vumbi jekundu mpaka kwenye kope, akakaa, akaanza: "Mama, leo tumemkuta tembo mzee, unajua tembo akizeeka meno yake..." Nami nikaziba masikio. Kweli kabisa, kwa viganja. "Usiniambie! Ukurasa wake haujafunguka!" Baba alicheka mara ya kwanza. Mara ya nne hakucheka. Baadaye akawa anarudi anakula kimya, na sauti yake ya kazi ikabaki ya kioo na wembe.

Msimu ulikuwa unaelekea mwisho, tatizo hata moja halijatokea, wakati akina Jonas waliporudi. Safari ndefu: Kreta, kisha Serengeti, siku tatu. Nilifika kempingi kabla hata hawajateremsha mizigo.

Jonas alikuwa na ile mpya. Rangi! Lakini mimi nilikwenda moja kwa moja kwenye kitabu, na kitabu kilikuwa kimebadilika tabia. Viumbe hawakupangwa tena kwa namba zile za kale. Unaweza kuwapanga kwa undugu, huyu na mtoto wake na mjukuu wake, kama watu wa ukoo kwenye benchi la kanisa. Kulikuwa na ramani inayoonyesha kila mmoja anaishi upande gani. Kulikuwa na wanaotoka mchana tu na wanaotoka usiku tu. Na kila ukurasa ulikuwa na alama ya unyayo. Unyayo! Baba alinipigia kelele miaka yote nitazame nyayo, nikaona ni mambo ya madereva. Lakini maneno, ile mistari ya habari, bado yalifungwa mpaka unase. Nikapumua. Sheria ilikuwa bado imesimama.

Matoleo mengine nilikuja kuyakuta ukubwani. La tatu lilimsimamisha kiumbe kando ya kivuli cha mtu ili upime kimo, na kitabu chake kilianza na viumbe wa sehemu yako kwanza, wa mbali baadaye, jambo ambalo mwalimu yeyote wa darasa la tatu angewaambia tangu mwanzo. Lililofuata ndilo lililokumbuka kwamba dume na jike hawafanani. Kila toleo lilitoa zaidi na kudai kidogo. Lakini siku ile sikujua kuna toleo jingine duniani. Nilijua nataka ile yenye nyayo.

"Siuzi," Jonas akasema. "Naazima. Mpaka nirudi."

"Siku tatu."

"Siku tatu. Unanipa nini?"

Nikamwonyesha miiba mitano. Akasema yote. Nikasema sita. Akaniuliza mfukoni kuna nini, kwa sababu mkono wangu ulikuwa umekaa huko muda mrefu. Nilikosea hapo: mfanyabiashara haweki mkono juu ya mali yake nzuri. Nilipozitoa zile pembe, macho yake yakawa makubwa, na bei ikawa imefungwa. Miiba tisa, pembe mbili, kwa siku tatu za kukiangalia kitabu. Nilijitetea moyoni: nimeshawanasa, ukurasa umeshafunguka, viungo vyao vina kazi gani tena? Akaziviringisha pembe ndani ya soksi, akasukuma soksi chini ya begi. Hakuna aliyetuona. Nilitazama mara mbili.

Waliondoka alfajiri. Mama alikuwa Arusha kufuata marobota. Saa mbili asubuhi nilikuwa kitandani na ile gemu, betri mpya, muziki mdogo unalia chini ya blanketi, mlango ukagongwa kwa kiganja kizima.

Alikuwa Lohay, mpishi wa safari zao, mzee mwembamba ambaye sijawahi kumwona bila kofia. Sasa hakuwa nayo.

"Mama yuko?"

"Arusha. Kuna nini, babu?"

"Nataka cheti cha baba yako na kitambulisho. Vipo wapi?"

"Sandukuni. Kuna nini?"

Alitaka kunificha, akashindwa. "Baba yako kashikwa getini. Yule mtoto wa kizungu kachomeka mwiba wa nungunungu kwenye kofia yake, anacheza nao mbele ya askari. Askari akauliza, kuna mingine? Wakafungua begi. Miiba, halafu pembe kwenye soksi. Hizo ni nyara za serikali, mwanangu. Bila kibali hata unyoya hubebi. Wazazi wa mtoto wanalia, mtoto analia, hasemi kitu. Baba yako akaichukua ile miiba akaitazama. Akasema, hivi vyote ni vyangu, mimi ndiye niliyempa."

Baba alikuwa akinyoa kila asubuhi kando ya dirisha lile. Aliijua miiba yangu kwa kimo.

Nilifungua sanduku, nikampa makaratasi. Mikono yangu ilikuwa inafanya kazi yenyewe. Nilipiga hesabu. Wanaojua tulivyobadilishana ni mimi na Jonas, na Jonas hasemi. Nikikaa kimya, jambo hili linaishia kwa baba. Nikapiga tena. Jambo hili linaishia kwa baba.

"Nakuja," nikasema.

"Wewe kaa. Haya ni mambo ya wakubwa."

"Babu, hata ukinifungia ndani nitatoka kwa dirisha." Nikachukua daftari la viumbe, nikaweka gemu ya Jonas kifuani ndani ya sweta.

Dereva mmoja wa kampuni nyingine, aliyemleta Lohay, akatupandisha. Barabara wakati huo ilikuwa udongo mtupu na matope mekundu. Getini kulikuwa na ukungu, miti inadondosha maji, magari ya wageni yamepanga mstari na injini zinanguruma. Gari la baba liko pembeni, tupu. Nyuma yake nikaona gari la pili la kampuni, na Bosi ameliegemea, mikono kifuani.

Ofisini kulikuwa na afande mwanamke mwenye sweta la kijani, mkubwa kwa umri kuliko mama, na chupa ya chai mezani. Baba alikuwa kwenye benchi, mikono katikati ya magoti. Aliponiona alisimama.

"Nani amemleta huyu?"

"Shikamoo afande," nikasema. "Zile pembe ni zangu."

"Afande, mtoto huyu ana homa," baba akasema. "Mama, nenda garini."

"Sina homa."

"Mama!"

Afande akamimina chai polepole. "Mzee, umeshaniandikia hapa kwamba uliokota mwenyewe. Umetia sahihi. Sasa binti anasema zake. Mmoja kati yenu ananidanganya, na kunidanganya nako kuna ukurasa wake." Akavuta soksi ya Jonas na fungu la miiba, akavifunika kwa faili. "Mzee. Miiba mingapi?"

Baba akalamba midomo. "Kama kumi."

"Sikuuliza kama."

"Kumi."

"Binti?"

"Tisa," nikasema. "Mmoja ncha imevunjika. Mmoja niliuchonga niwe naandikia, una wino wa bluu ndani. Pembe ni mbili, moja ina kitundu cha mdudu karibu na shina. Tulivikuta Rhotia. Hatukuua mtu. Hatukuua mnyama."

Afande akafunua. Akahesabu kwa kidole, midomo inacheza. Akarudia tangu mwanzo, na kwa jambo hilo peke yake ningempenda, kama si alichosema.

"Nane."

Katika maisha yangu yote sikuwahi kukosea hesabu ya kitu changu. Baba alifumba macho, na niliona kabisa alichokuwa anafikiri: kwamba sasa tumekuwa waongo wawili, na ofisi ina ukurasa kwa kila mmoja.

"Hesabu tena," nikasema. Kwa afande, mimi, mtoto wa darasa la tano.

"Nimehesabu mara mbili."

Lohay, aliyekuwa mlangoni bila kofia, akakohoa. "Afande. Ule wa kwenye kofia ya mtoto, uliuchukua?"

Afande akamtazama askari kijana aliyesimama ukutani. Askari akatoka. Nilisikia buti zake kwenye kokoto zikienda, zikasimama, zikarudi. Kofia ya Jonas ilikuwa ya njano, na mwiba wa tisa ulikuwa umepenya utepe wake, kitakoni una wino wa bluu.

Baba akakaa chini kama mzigo.

Afande aliusogeza mwiba ule kando ya wenzake. Akanyoosha mkono kutaka daftari. Akafunua ukurasa baada ya ukurasa, manyoya, gamba la nyoka, kinyesi kilichoacha duara. Akasoma kwa sauti: "Walioonwa arobaini na watatu. Walionaswa kumi na wawili. Nani kakwambia mnyama ananaswa?"

Nikatoa gemu. Ilikuwa bado inawaka, muziki wake ukajaa ofisini, wa kipuuzi kabisa mahali pale. Nikamweleza: ukimwona tu hupewi maneno. Lazima umnase ndipo upewe habari zake.

Aliitazama muda. Kisha akamgeukia baba. "Mzee, wewe kazi yako nini?"

"Dereva mwongozaji, afande. Kwa majaribio."

"Digidigi unamjua?"

"Namjua."

"Hebu mwambie huyu."

Baba akasafisha koo. Ile sauti ya kazi ilitoka, lakini ilikuwa imekunjamana. Alisema digidigi huishi wawili, dume na jike, na wakishaoana hawaachani. Utawaona pamoja siku zote. Kwamba chini ya jicho wana kitu cheusi kama chozi, wanakipaka kwenye vijiti kuonyesha mipaka ya kwao. Akaongeza: "Na wenye pembe ni madume tu. Kwa hiyo pale walipookota hizi, kichakani kuna jike lilibaki."

Sikuwa nimeziba masikio. Mikono yangu ilikuwa mezani, afande alikuwa ameniambia niiweke hapo.

"Haya," afande akasema, "umepewa maneno. Umemnasa nani?" Hakungoja jibu. Alichomoa kila kitu kwenye daftari langu, kimoja kimoja, hata gamba la nyoka, akaandika kwenye fomu: vimeokotwa na mtoto, vimesalimishwa. Akanisainisha. Karatasi ya baba ya mwanzo akaigongea mhuri wa kufutwa, akamsukumia nyingine tupu. "Andika upya, mzee. Safari hii andika ukweli. Ni mfupi zaidi."

Kwa upande wa serikali tulikuwa tumepona. Nje alikuwepo Bosi.

Hakupiga kelele. Wageni walikuwa wameshahamishiwa gari la pili, na dereva mwingine ameshakaa. Mama yake Jonas aliteremka, akasema maneno mengi kwa Kiingereza, mkono kifuani, akimwonyesha baba. Bosi alimsikiliza kwa heshima mpaka mwisho. Kisha akanyoosha kiganja mbele ya baba, na baba akaweka funguo.

"Nilisema moja," Bosi akasema.

Nilimpitishia Jonas gemu yake dirishani. Macho yake yalikuwa yamevimba. Siku tatu zangu zilikuwa hazijafika hata robo ya moja. Sikudai kitu. Lohay akapanda nyuma, na wakaondoka kuelekea juu, ukungu ukawafunga.

Jumatatu baba alirudi kwenye lori la vitunguu, na alikaa nalo mpaka mimi namaliza sekondari. Lakini asubuhi ile hatukuwa tumefika Jumatatu. Tulianza kuteremka kwa miguu, yeye mbele, mimi nyuma, tukitarajia lori lolote la kushuka.

"Ulimpa vyote vile," akasema mwishowe, "akupe nini?"

"Aniazime gemu. Siku tatu."

"Umecheza muda gani?"

"Kama saa mbili."

"Sikuuliza kama."

"Saa moja na nusu, baba."

Akatikisa kichwa. "Na mama yako anasema unajua kupatana."

Hapo ndege mkubwa wa kijani akaruka kutoka mti mmoja kwenda mwingine, juu ya barabara, na alipofungua mabawa ndani kulikuwa na wekundu ambao sijauona hata kwenye zile rangi za Jonas. Akatulia kwenye tawi, akawa kijani tena. Nikauliza, "Baba, yule ni nani?"

"Kazi hiyo wameshaichukua," baba akasema. "Muulize dereva mpya."

Tulitembea. Nilihesabu hatua, kwa kuwa sikuwa na kitu kingine cha kushika, na nilizihesabu zake, si zangu. Zilipofika sitini na nne, bila kugeuka na bila ile sauti ya kazi, akanitajia jina la yule ndege, akaniambia na anachokula.